Taichi, xingyi au bagua: uanzie wapi ukitaka kuijua yin na yang kwa mwili

Wapo watu wanaoingia kwenye kung fu kwa sababu ya mateke ya kwenye filamu. Wapo pia wanaoingia kwa sababu ya lile duara jeusi na jeupe: wamesoma kidogo juu ya yin na yang, wameipenda falsafa yenyewe, na sasa wanataka kuiona ikifanya kazi kwenye mikono na miguu yao. Hawa wa pili ndio ninaowaandikia. Wakiuliza wajifunze nini hutajiwa majina matatu: taijiquan, ambayo wengi wetu huiita taichi, kisha xingyiquan na baguazhang. Huambiwa kwamba zote ni sanaa za ndani, yaani zinazotanguliza ulegevu na mpangilio wa mwili kuliko nguvu za misuli, zote zimesimama juu ya yin na yang, na zote ni nzuri. Maelezo huishia hapo, na mtu hubaki palepale alipokuwa.

Kwamba msingi ni mmoja ni kweli. Sun Lutang (1860–1933) wa mkoa wa Hebei alizijua zote tatu kwa kina. Xingyi aliipata kwa Guo Yunshen, bagua kwa Cheng Tinghua, na taichi kwa Hao Weizhen akiwa tayari amepita miaka 50. Katika vitabu vyake alisisitiza kwamba kanuni inayoziongoza ni ile ile. Hata hivyo, ukishuka uwanjani mwili wako utafanyishwa kazi tatu zisizofanana, na anayekosea chaguo la kwanza mara nyingi huacha kabla hajaonja kile alichokifuata.

Yin na yang kwa mtu anayepigana

Kuna orodha maarufu: yin ni laini, baridi, giza, kupokea, yang ni ngumu, joto, mwanga, kutoa. Orodha hiyo haina kosa, ila haimfai sana mtu anayerusha ngumi. Kinachomfaa ni kujua jinsi moja inavyogeuka kuwa nyingine. Mtu wa pwani analiona hili kila siku: maji yakifika ukomo wa kujaa, hapohapo ndipo yanapoanza kupwa. Mwanafalsafa Zhou Dunyi (1017–1073), katika maelezo yake ya mchoro wa taiji, yaani chanzo cha yin na yang, alisema mwendo ukifika kilele huwa utulivu, na utulivu ukifika kilele huzaa mwendo tena.

Sasa tazama mkono. Mkono uliokwisha kunyooka hauna tena kitu cha kutoa, na mwenye mkono huo, kwa muda mfupi sana, hana ulinzi. Mwili uliojikunja una kila kitu ndani yake. Kwa hiyo mpiganaji anayeijua yin na yang hutafuta mambo mawili: asiifikishe nguvu yake mwisho bila kuacha akiba ya kurudi, na aitambue nguvu ya mwenzake inapofika mwisho. Sanaa zote tatu zinalifundisha hilo, kila moja kupitia mlango wake.

Nitazipima kwa vigezo vitano: yin na yang zinakaa wapi mwilini, miezi ya mwanzo ikoje, mwili unadaiwa nini, kujihami kunakuja lini, na upatikanaji wa mwalimu na mahali pa kufanyia mazoezi.

Zinakaa wapi mwilini

*Taijiquan* inazifundisha kupitia uzito na mguso. Chimbuko lake linalojulikana ni kijiji cha Chenjiagou, wilaya ya Wen, mkoani Henan, kwa ukoo wa Chen, katika karne ya 17. Yang Luchan (1799–1872) aliitoa pale na kuifikisha Beijing, na kutoka kwake zikazaliwa koo nyingine. Leo koo kuu ni tano: Chen, Yang, Wu, Wu nyingine iitwayo pia Hao, na Sun.

Somo la kwanza ni kujaa na kuwa tupu. Unapopiga hatua, kisigino kinagusa ardhi bila kubeba chochote. Ungeweza kukinyanyua tena bila mwili kuyumba. Ndipo uzito unahamia polepole, mguu wa mbele unajaa na wa nyuma unakuwa mtupu. Kosa kubwa kuliko yote huitwa uzito maradufu, na maandiko yanayonasibishwa na Wang Zongyue yanasema wazi kwamba mtu aliyefanya mazoezi miaka mingi na bado anashindwa na wengine hajalielewa kosa hilo. Wengi wanadhani maana yake ni kusimama kwa miguu yote miwili sawasawa. Lakini kosa lenyewe linajitokeza vizuri zaidi mkiwa wawili.

Mazoezi ya kusukumana mikono ndiyo mahali penyewe. Mmesimama mmegusana viganja vya mikono na vifundo, mwenzako anasukuma kuelekea kifua chako. Asiyejua hukaza bega na kusukuma pia: yang imekutana na yang, na huo ndio uzito maradufu; mwenye misuli zaidi ndiye atakayeshinda. Aliyefundishwa haondoi mkono wala haukazi. Anauacha mguso uwepo, anageuza kiuno, kifua kinanywea kidogo, na ule msukumo unakosa pa kutua. Mwenzake anaendelea mbele kwa sababu alikuwa ameshajitoa, na uzito wake unapopita vidole vya mguu wake, kiuno kilekile kilichopokea kinarudi. Hapo ndipo ule usemi wa zamani wa taichi, kwamba wakia nne huhamisha ratili elfu, unapopata maana. Mpokeaji hakuwa na nguvu nyingi, ila alizitumia wakati mwenzake ameishiwa na zake.

*Xingyiquan* inapita njia iliyonyooka. Historia yake ya kuaminika inaanzia kwa Ji Longfeng wa Shanxi, karne ya 17, ingawa wenyewe hupenda kuifikisha kwa jenerali Yue Fei wa nasaba ya Song. Inaaminika kwamba ilikua kutokana na ujuzi wa mkuki, na ukiitazama utakubali, kwani kila kitu kinaelekea mbele kwenye mstari mmoja. Yin hapa ni kukusanya, yang ni kuachia, na umbali kati yao ni mfupi mno.

Chukua pi, ngumi ya kwanza kati ya tano. Umesimama katika mkao wa santi, sehemu kubwa ya uzito ikiwa kwenye mguu wa nyuma. Ngumi inapanda kutoka kitovuni, inapita kifuani hadi usawa wa mdomo, kiganja kikitazama juu, viwiko vimebana mbavu. Kisha mkono wa pili unapita juu ya ule wa kwanza, ngumi inafunguka kuwa kiganja, inashuka mbele, na wakati huohuo mguu unatua. Kupanda na kushuka, kubana na kufungua, vyote ndani ya pumzi moja. Zikifuata zile nne nyingine (zuan, beng, pao na heng) unapata mzunguko wa elementi tano: chuma huzaa maji, maji huzaa mti, mti huzaa moto, moto huzaa udongo, udongo huzaa chuma. Hivyo mwisho wa ngumi moja ni mwanzo wa nyingine. Guo Yunshen alipata sifa kwa ngumi moja tu, beng, aliyoipiga kwa kusogea nusu hatua.

*Baguazhang* inazifundisha kupitia mwelekeo. Mwasisi wake anayejulikana ni Dong Haichuan, aliyefariki 1882, ambaye alitumikia katika makazi ya mwanamfalme Su mjini Beijing na kufundisha pale. Jina la sanaa linatokana na alama nane za Yijing, kitabu cha kale cha Kichina, ambazo kila moja ni mistari mitatu: mstari uliokatika ni yin, usiokatika ni yang. Unatembea kwenye duara, miguu ikifuata ukingo wake huku kiwiliwili na viganja vikigeukia katikati, kwa hiyo nusu ya juu na nusu ya chini tayari zinavutana. Unapotaka kubadili upande, mguu wa nje unakatiza mbele, vidole vikitazama ndani, na mwili mzima unajifunga: magoti karibu, mgongo umejaa, mikono imekatizana. Ukibaki hapo umenaswa. Lakini kule kujifunga kunausokota mwili mzima, na mguu wa pili ukigeukia nje unafunguka upande wa pili wa duara ukiwa na nguvu ya msokoto. Katika kitabu chake cha bagua, Sun Lutang aliliita badiliko hili la kwanza somo la namna mbili, yaani yin na yang zilipotengana, na badiliko linalofuata akaliita somo la sura nne.

Miezi ya mwanzo

Taichi inakukaribisha vizuri. Mfululizo wa mikao 24 uliotungwa na mamlaka ya michezo ya China mwaka 1956 unaweza kuukariri ndani ya miezi michache, na unaumaliza kwa takriban dakika tano au sita. Hatari yake iko hapohapo. Unapata umbo zima mapema, unaridhika, na mwalimu asiye makini anakuacha ukicheza umbo lisilo na kitu ndani. Kama darasa halina kabisa mazoezi ya kusukumana mikono, utapata mwili ulionyooka na pumzi tulivu, mambo mema kabisa, lakini yin na yang utaendelea kuisoma tu.

Xingyi inakupokea kwa ukali. Utasimama kwenye santi mapaja yakitetemeka, kisha utapiga pi kutoka ukuta huu hadi ule, kugeuka, na kurudi. Wiki ijayo vilevile. Anayependa mambo mapya kila siku hataiweza. Faida yake ni kwamba mwili unajua mapema kama umepatia: mguu na mkono vikitua pamoja unahisi uzito wote umefika mbele, vikipishana hata kidogo unahisi mkono mtupu.

Bagua ni kutembea, na watu huona aibu kuambiwa hawajui kutembea. Unyayo unasogea karibu na ardhi na kutua wote kwa pamoja, kichwa hakipandi wala kushuka, na mwanzoni kizunguzungu ni kawaida. Dong Haichuan mwenyewe aliwapokea watu waliokuwa tayari na msingi: Yin Fu alikuja na ngumi za luohan, Cheng Tinghua, fundi wa miwani, alikuja na mieleka, na kila mmoja alijengewa bagua juu ya kile alichokuwa nacho. Kwa maoni yangu hii ndiyo ngumu zaidi kuwa sanaa ya kwanza maishani, na ndiyo tamu zaidi kwa mtu aliyekwisha kupita karate, judo au ngumi.

Mwili unadaiwa nini

Taichi ina ushahidi mwingi wa kitabibu kuliko zile nyingine, hasa katika kupunguza kuanguka kwa wazee. Mtindo wa Sun, wenye mikao ya juu na hatua fupi, ulichukuliwa kuwa msingi wa programu ya taichi kwa wenye baridi yabisi iliyoanzishwa Australia mwaka 1997. Mtindo wa Chen ni habari nyingine: mikao ya chini, misokoto, na milipuko ya nguvu ya ghafla. Mtu akikuambia taichi ni ya wazee tu, mwonyeshe mfululizo wa pili wa ukoo wa Chen, ule unaoitwa ngumi za mzinga. Maumivu ya goti katika taichi karibu kila mara hutokana na kugeuza goti badala ya nyonga.

Xingyi inadai mguu wa nyuma, na mabega ya anayekaza mno. Bagua inadai vifundo vya miguu na magoti. Ile hatua ya vidole ndani ni salama kama msokoto unatoka nyongani, na ni hatari kama goti limebeba uzito huku likigeuzwa. Mwenye jeraha la zamani la goti azungumze na daktari wake, kisha aanze bagua akiwa amesimama juu, kwenye duara kubwa.

Kujihami

Xingyi inatangulia. Ina mambo machache, yote yanaenda mbele, na ina mazoezi ya wawili ya ngumi tano ambayo mwanafunzi anaweza kuyaanza mapema. Taichi inachelewa, lakini ndiyo yenye ngazi iliyopangwa vizuri zaidi ya kujifunza na mwenzako: kusukumana mmesimama, kisha mkitembea, kisha kwa uhuru. Bagua inafundisha kutokuwepo pale pigo linapofika na kutokea ubavuni, jambo zuri sana ukizungukwa. Ila mazoezi yake ya wawili hutofautiana mno kati ya mwalimu na mwalimu, kwa hiyo ulizia kabla ya kulipa. Katika zote tatu, asiyefanya mazoezi na mtu anayempinga kwa dhati hatajua kupigana.

Mwalimu na mahali

Kwa mahali, xingyi inataka ujia ulionyooka, bagua inataka duara la hatua nane hivi, na mti wa kuzunguka ukiwepo ni bora zaidi. Taichi inatosha barazani.

Kwa mwalimu, taichi ndiyo rahisi kupata Afrika Mashariki. Pa kuanzia kuuliza ni Taasisi za Confucius, kama ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyofunguliwa 2005 au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walimu wa xingyi na bagua ni wachache, na wengi wao wanajulikana kama walimu wa taichi. Ukimpata mmoja muulize alijifunza nini kingine. Ukienda kumwona, mwombe umguse mkono na umsukume. Mwalimu anayejua atakuruhusu, na utahisi nguvu yako ikikosa pa kukaa. Anayekupa maelezo marefu ya nishati za ulimwengu lakini hataki kuguswa, muage kwa heshima.

Swali moja huja kila mara kwetu: je, kufanya haya ni kuingia dini ya watu? Yin na yang katika sanaa hizi ni maelezo ya namna mambo yanavyobadilika. Hakuna anayeabudiwa katika kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Wahui, yaani Waislamu wa Kichina, wa Henan, kupitia Ma Xueli wa Luoyang, ndio waliohifadhi kwa vizazi vingi xinyi liuhe, tawi la zamani la familia ya xingyi, na waliihifadhi wakiwa Waislamu. Darasa fulani likiwa na ibada au uvumba usioutaka, hilo ni la darasa hilo, tafuta jingine.

Kwa hali yako

Kama umri umesogea, magoti yanalalamika au unatoka kwenye ugonjwa, taichi ya Sun au ya Yang ndiyo mlango wako, na mwombe mwalimu akuingize kwenye kusukumana mikono kwa upole hata kama darasa zima ni la afya.

Kama una nguvu na umetoka kwenye karate au ngumi, xingyi utaielewa haraka kwa sababu inaongea lugha unayoijua. Ila kama mwalimu wako wa zamani alikuwa akikuambia kila siku umekaza mno, basi unayoihitaji zaidi ni taichi, na itakuudhi kwa muda. Binafsi ningekushauri mwaka wa kwanza ufuate kile unachokipenda ili usiache, ndipo baadaye ukifuate unachokikosa.

Kama akili yako haitulii, usidhani moja kwa moja kwamba taichi ndiyo dawa. Mwendo wa polepole humpa mtu mwenye wasiwasi nafasi ya kuwaza zaidi. Watu wa aina hiyo mara nyingi hutulia vizuri zaidi wakizunguka duara la bagua, kwa sababu miguu haiwapi nafasi ya kuwa kwingine.

Kama falsafa ndiyo iliyokuleta, bagua iko karibu zaidi na alama za Yijing, na taichi ina maandiko mengi zaidi ya kusoma sambamba na mazoezi. Xingyi ina maandishi machache, lakini itakuonyesha yin ikigeuka yang mara mia kwa asubuhi moja, na kwa watu fulani hilo linafundisha kuliko kitabu.

Na kama huna mwalimu kabisa kwa sasa, acha bagua hadi umpate, kwa ajili ya magoti yako. Na kusukumana mikono huwezi kukujifunza kwenye video. Anza na kusimama: miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mikono imeinuliwa kifuani, dakika chache kila asubuhi, kisha ongeza. Baada ya hapo tembea chumbani kwa hatua tupu ya taichi, kisigino kikigusa kabla ya kubeba. Ukimpata mwalimu miezi sita ijayo, awe wa sanaa yoyote kati ya hizi tatu, hatakuwa na haja ya kuanza na miguu yako.